Kurejesha Mifumo ya Kompyuta Baada ya Janga: Hesabu ya Mfanyabiashara wa Lamu

Biashara nyingi za mji wa Lamu zimehamisha kumbukumbu zake kutoka kwenye daftari hadi kwenye kompyuta kidogo kidogo, bila ya siku maalumu ambayo mtu angeweza kusema kwamba hapo ndipo mambo yalipobadilika. Duka la jumla lililokuwa likiandika madeni katika vitabu vya jalada gumu sasa lina programu ya mauzo inayojua nani anadaiwa, magunia mangapi ya mchele yamebaki ghalani na ankara zipi zimekwisha kutumwa kwa mamlaka ya kodi, KRA, kupitia eTIMS, mfumo wake wa ankara za kompyuta. Nyumba ya wageni ya Shela ina kalenda ya vyumba ambayo hujazwa na watu walioko Roma au Nairobi wakati mwenye nyumba amelala. Duka la dawa linafuatilia tarehe za mwisho za dawa zake, na chama cha akiba na mikopo kinashika akiba za wavuvi na mafundi wa majahazi. Kumbukumbu hizo zimekuwa mali, na kwa wengine ni mali kubwa kuliko bidhaa zilizo kwenye rafu, lakini ni wachache waliokaa wakaamua kwa maandishi: mfumo ukianguka leo saa nne asubuhi, kazi itaendeleaje mpaka urudi, utarudi baada ya muda gani, na utarudi ukiwa na kumbukumbu za hadi lini.

Majibu ya maswali hayo matatu, yakiandikwa, yakatengewa fedha na yakajaribiwa, ndiyo mpango wa kurejesha mifumo baada ya janga. Ni sehemu tu ya mpango mpana zaidi wa kuendeleza biashara, ambao hugusa pia majengo, wafanyakazi na wanaotuuzia bidhaa, na ambao una kiwango chake cha kimataifa, ISO 22301. Hapa nitashughulika na mifumo peke yake. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mpango huu ni uamuzi wa mwenye mali kabla ya kuwa kazi ya fundi, na kwamba kwa biashara iliyo kisiwani uamuzi huo hauwezi kunakiliwa kutoka Nairobi, kwa sababu nambari za muda wa kurejesha mfumo zinazotolewa huko hudhani kwamba kifaa kipya kinaweza kuletwa na pikipiki kabla ya adhuhuri.

Watu wengi wakisikia habari za janga, fikira zao huenda kwenye mambo makubwa, na mambo hayo kweli yapo. Mawimbi ya tsunami ya 26 Desemba 2004 yalifika hadi pwani ya Kenya. Hata bila ya tsunami, tofauti baina ya maji kupwa na maji kujaa katika pwani hii hukaribia mita 4 wakati wa bamvua, na duka lililo ufukweni lenye kompyuta iliyowekwa chini sakafuni limeweka mali yake mahali ambapo bahari inaweza kuifikia. Moto nao unatisha zaidi hapa kuliko mahali pengi. Mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na juu ya nyumba nyingi kuna paa la makuti. Vichochoro vyake ni vya punda na mikokoteni, wala si vya gari la zimamoto. Anayeweka seva yake, yaani kompyuta inayoshika kumbukumbu za nyingine, katika chumba cha juu, chini ya makuti, kwa kuwa huko ndiko kwenye upepo, ameipa ubaridi na ameisogeza karibu na moto kwa wakati mmoja.

Hata hivyo mfumo wa kompyuta hauhitaji tukio kubwa ili uanguke. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na Kenya nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Usiku wa 25 Agosti 2023 umeme ulikatika tena karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakosa taa. Tarehe 24 Aprili 2017 mtandao wa Safaricom ulizimika kwa saa kadhaa, na M-Pesa ikazimika pamoja nao. Mwishoni mwa Julai 2023 mfumo wa serikali wa eCitizen ulishambuliwa kwa kujazwa maombi mengi kuliko uwezo wake, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ikawa nzito kuanzia Kenya hadi Tanzania. Hakuna hata moja katika matukio hayo lililotokea Lamu, na yote yaliweza kufikia kaunta ya duka la Lamu.

Kukatika kwa umeme kunastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu wengi hukuona kuwa ni usumbufu tu. Programu inayoshika hesabu haiandiki muamala mmoja kwa pigo moja. Hupunguza bidhaa ghalani, huongeza deni la mteja, hutoa nambari ya ankara, na kila hatua huandikwa mahali pake kwenye diski. Umeme ukikatika katikati ya hatua hizo, programu iliyotengenezwa vizuri ina njia ya kugundua kazi iliyoachwa nusu na kuifuta au kuikamilisha mashine inapowashwa. Iliyotengenezwa vibaya huacha hesabu ambayo upande mmoja unasema bidhaa imetoka na upande mwingine unasema haijauzwa. Kisha umeme unaporudi, mara nyingi hurudi kwa nguvu isiyo sawa, na hapo ndipo vifaa vya kugawia umeme ndani ya kompyuta huungua. Betri ya akiba inayoipa mashine dakika chache za kujizima kwa utaratibu ni bei ndogo sana ukilinganisha na kazi ya kulinganisha hesabu za wiki nzima kwa mkono. Ongeza juu ya hayo hewa ya chumvi, ambayo inakula viungio vya shaba na chuma mwaka mzima bila ya kelele, na utaona kwa nini mashine ya hapa isitegemewe kuishi umri ule ule wa mashine ya nchi kavu.

Kwa kuwa sababu ni nyingi na haziishi, si busara kujenga mpango juu ya orodha ya sababu. Atakayeandika sura ya moto, sura ya mafuriko, sura ya wezi na sura ya virusi atachoka kabla hajamaliza, na janga litakalokuja litakuwa lile asiloliandika. Njia iliyo nyepesi na yenye nguvu zaidi ni kupanga kwa matokeo, kwa sababu matokeo ni machache: data imepotea au imeharibika, mashine imekufa ingawa data iko salama mahali pengine, jengo haliingiliki, mawasiliano yamekatika, au mtu anayejua kuendesha mfumo hayupo. Moto na bahari huleta matokeo yanayofanana. Tumbili wa Gitaru na waya uliokatika nguzoni huko Mokowe, upande wa bara, huleta matokeo yanayofanana. Mwenye biashara akiwa na jawabu la kila moja kati ya hayo matano, sababu haimshughulishi sana.

Sasa tufike kwenye kiini cha hesabu, ambacho ni nambari mbili. Ya kwanza ni muda ambao biashara inaweza kukaa bila mfumo fulani kabla ya hasara kupita kiwango inachoweza kubeba. Ya pili ni kiasi cha kumbukumbu ambacho biashara iko tayari kupoteza, kikipimwa kwa saa: kama nakala hutolewa kila usiku saa sita na mashine ikafa saa kumi alasiri, kazi ya tangu usiku ule haipo tena, na swali ni kama inaweza kuandikwa upya kutokana na stakabadhi za karatasi na ujumbe wa M-Pesa. Nambari hizi mbili huchanganywa mara kwa mara, hata na mafundi, na kuzichanganya kunaleta matumizi mabaya ya fedha, kwa sababu kila moja inanunuliwa kwa kitu tofauti. Muda wa kusimama unapunguzwa kwa kuwa na mashine ya akiba na mtu wa kuiwasha. Pengo la kumbukumbu linapunguzwa kwa kutoa nakala mara nyingi zaidi.

Tazama jinsi zinavyotofautiana. Nyumba ya wageni ya Shela inaweza kuishi siku mbili bila ya kalenda yake ya kompyuta iwapo kila asubuhi orodha ya wageni wa wiki mbili zijazo inachapishwa kwenye karatasi. Wageni watapokewa, vyumba vitafunguliwa. Lakini ikipoteza maombi ya vyumba ya siku tatu zilizopita, familia mbili zitashuka uwanja wa ndege wa Manda na kuvuka kwa boti zikiwa na haki ya chumba kimoja, na iwapo ni wakati wa Maulidi ya Mfungo Sita, ambapo mji hujaa wageni kutoka kila upande wa Afrika Mashariki, hapatapatikana chumba kingine cha kuwapa. Duka la jumla liko kinyume chake. Mauzo ya fedha taslimu ya siku moja yanaweza kukadiriwa kwa kuhesabu bidhaa zilizobaki, kwa hivyo upotevu wa saa chache hauliui. Ila wateja waliokuja kwa mashua kutoka Faza na Kizingitini hawatasubiri mpaka kesho, kwa sababu maji hayasubiri, nao watanunua duka la pili. Chama cha akiba na mikopo hakina nafasi katika nambari yoyote kati ya hizo, kwani mwanachama aliyeweka shilingi 3,000 asubuhi hana sababu ya kukubali kwamba hazikuandikwa.

Hata ndani ya biashara moja nambari hazilingani. Duka la dawa linahitaji orodha ya bei na hesabu ya dawa ndani ya saa chache, lakini mishahara inaweza kungoja mpaka mwisho wa mwezi, na picha za matangazo zinaweza kungoja hata zaidi. Anayetaka kila kitu kirudi mara moja atapewa bei itakayomfanya asinunue chochote. Kwa hivyo kazi ya kwanza ya mpango ni kupanga mifumo kwa daraja, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na fundi wa kompyuta, maana fundi hajui ni mteja gani akikasirika biashara hutikisika. Mwenye duka anajua. Msimu nao uingie katika hesabu: siku mbili za kusimama katika miezi ya masika, wageni wakiwa wachache, hazilingani na siku mbili za mwisho wa Desemba.

Chukua mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Tuseme duka linaingiza faida ya shilingi 12,000 kwa siku na lina madeni ya wateja yenye jumla ya shilingi 400,000 ndani ya kompyuta moja. Kusimama siku 3 kunagharimu shilingi 36,000. Kupoteza orodha ya madeni kunaweza kugharimu sehemu kubwa ya zile 400,000, kwa kuwa si kila mteja atakumbuka deni lake kwa uaminifu uleule. Kompyuta ya akiba iliyotumika na diski mbili za nje zinaweza kununuliwa kwa fedha zisizofika robo ya hasara hiyo. Hoja ya kwamba mpango ni anasa ya makampuni makubwa huanguka hapa, na kwa maoni yangu huanguka kwa kishindo kikubwa zaidi kwa biashara ndogo, ambayo haina benki ya kuikopesha wala tawi la pili la kuibeba wakati la kwanza limesimama.

Wengi wataniambia kwamba wanazo nakala. Ni jambo jema, lakini neno hilo linafunika vitu vingi visivyo nakala. Diski mbili ndani ya mashine moja zinazoandikwa kwa pamoja hulinda dhidi ya diski moja kufa na si zaidi. Faili likifutwa, linafutwa kote kuwili kwa sekunde ileile. Folda inayojisawazisha na hifadhi ya mtandaoni ina tabia hiyo hiyo: karani akifuta kwa bahati mbaya, mtandao nao unafuta kwa utiifu. Nakala ya kweli ni ile inayobaki na hali ya jana, ya juzi na ya mwezi uliopita, ili kosa lililogunduliwa leo lakini lililofanyika wiki mbili nyuma liweze kurekebishwa kwa kurudi kwenye hali iliyolitangulia.

Mahali pa kuweka nakala ni jambo la pili, na hapa dunia imetoa mafunzo ya bei kubwa. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kuhifadhia seva la kampuni ya OVHcloud liliteketea huko Strasbourg, Ufaransa. Hakuna aliyekufa, lakini wako wateja waliogundua asubuhi ile kwamba nakala zao zilikuwa zimehifadhiwa katika eneo lilelile pamoja na asili zake. Tarehe 26 Septemba 2025 moto wa betri za lithiamu ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, mamia ya huduma zikasimama, na hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma yenye takriban terabaiti 858 ikapotea kwa kuwa haikuwa na nakala nje ya kituo. Serikali tajiri yenye wataalamu wengi iliacha pengo lile lile ambalo duka la ufukweni linaacha linapoweka diski ya nje ndani ya droo iliyo chini ya kompyuta. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh alieneza kanuni rahisi ambayo wengi wanaifuata hadi leo: kuwa na nakala tatu za kila kilicho muhimu, juu ya aina mbili za vihifadhio, na moja kati yake iwe nje ya jengo.

Lakini nje ya jengo ni wapi, kwa mtu wa Lamu? Jawabu la haraka ni Malindi, kwa kuwa wengi wana jamaa au tawi huko. Kwa moto, wizi na bahari, Malindi inatosha kabisa. Kwa umeme haitoshi, kwa sababu umeme wa gridi ya taifa hufika Lamu kwa njia kuu ya kilovolti 220 inayotoka Rabai na kupita Malindi na Garsen. Hitilafu ya upande wa Rabai inaweza kuizima miji yote miwili kwa pamoja. Umbali peke yake hauleti usalama. Kinachotakiwa ni kwamba sababu moja isiweze kugusa pande zote mbili, na kwa hivyo anayeweka seva ya pili Malindi aiwekee umeme wa jua au jenereta, au achague kuiweka nje ya pwani kabisa. Diski iliyokaa kabatini kwa jamaa yako Malindi haihitaji umeme mpaka siku ya kutumika, nayo iko sawa. Diski hiyo ifungwe kwa nywila, maana ina majina na madeni ya watu, na ibadilishwe kila wiki, kwani nakala ya miezi minane haina msaada mkubwa.

Hifadhi ya mtandaoni inaondoa tatizo la safari, ila inaleta hesabu nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Kurejesha gigabaiti 200 kupitia intaneti inayokwenda kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua takriban saa 44, na hiyo ni iwapo kasi haipungui na hakuna mwingine anayeitumia. Mwenye duka aliyeandika kwamba atarudi kazini baada ya saa nne, huku nakala yake pekee ikiwa mtandaoni, amejiandikia jambo lisilowezekana. Njia inayofaa zaidi kwa biashara nyingi za hapa ni kuwa na nakala kamili kwenye diski iliyo katika nyumba nyingine mjini, tuseme duka likiwa Mkomani nakala iwe Langoni, kisha mabadiliko ya kila siku, ambayo ni madogo, yapande mtandaoni usiku. Diski hurejesha kilicho kingi kwa saa chache, na mtandao humalizia kilichobaki.

Kuna aina moja ya janga ambayo huzitafuta nakala zenyewe. Virusi vya kuteka data hufunga mafaili kwa msimbo na kudai fidia, na vinapopata diski ya nakala imechomekwa, huifunga nayo. Mfano ulio mkubwa ni wa Juni 2017, ambapo programu haribifu iliyoitwa NotPetya, ambayo haikuwa na njia halisi ya kurudisha data hata kwa aliyelipa, ilienea kutoka Ukraine kupitia masasisho ya programu ya hesabu na kodi iliyotumika sana nchini humo. Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake huonekana kila siku bandarini Mombasa, ilipoteza maelfu ya seva na makumi ya maelfu ya kompyuta, na hasara yake ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na milioni 300. Seva zake za kutambulisha watumiaji, zipatazo 150, zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, kwa hivyo zote zilifutwa kwa mkupuo. Iliyonusurika ni moja tu, iliyokuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na seva hiyo haikuwa mtandaoni wakati shambulio lilipopita. Diski yake ilipelekwa kwa ndege na mikono ya watu hadi Uingereza, na juu yake kampuni ilijenga upya mtandao wake. Kilichofanywa na kukatika kwa umeme kwa bahati, mwenye biashara anapaswa kukifanya kwa makusudi: nakala moja isiwe imeunganishwa na chochote, wakati wote isipokuwa dakika zile inapoandikwa.

Narudi kwenye kisiwa. Nambari ya muda wa kusimama, kwa mtu wa Lamu, huamuliwa na barabara na bahari kabla ya kuamuliwa na kompyuta. Kifaa kinachoagizwa Mombasa au Nairobi hupanda basi hadi Mokowe kisha boti, na njia hiyo hukatika. Mwishoni mwa 2023 mafuriko ya Mto Tana yaliifunga barabara ya Garsen kuja Lamu. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Lamu iliwekewa marufuku ya kutoka usiku kwa miezi kadhaa. Aprili 2020, wakati wa korona, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka katika kaunti za Kilifi, Kwale na Mombasa, kwa hivyo fundi wa Malindi au wa Mombasa asingeweza kupanda kuja huku hata kama angelipwa mara tatu. Matukio haya matatu, yenye sababu tatu tofauti kabisa, yalikuwa na tokeo moja kwa mwenye mashine mbovu: msaada wa nje haukufika. Kwa sababu hiyo ninaamini kwamba kila biashara ya hapa inayotegemea kompyuta iwe na kifaa cha akiba kisiwani humu, kikiwa na programu zilizokwisha kusakinishwa. Wafanyabiashara watatu au wanne wanaotumia programu moja wanaweza kununua kompyuta moja ya akiba kwa ushirika na kuiweka mahali pa kuaminika, kwa kuwa si rahisi wote waharibikiwe siku moja, isipokuwa janga likiwa la mji mzima.

Tokeo la tano, la mtu kutokuwepo, ndilo linalosahauliwa zaidi, nami naliona kuwa la hatari kuliko moto. Katika biashara nyingi za kifamilia, kijana mmoja ndiye anayejua nywila ya programu, barua pepe iliyosajiliwa na hifadhi ya mtandaoni, na laini ya simu inayopokea nambari za uthibitisho. Akisafiri, akiugua au akifariki, data iko salama kabisa na hakuna anayeweza kuifikia. Nywila kuu ziandikwe, zifungwe kwenye bahasha, na zikabidhiwe watu wawili wasioishi nyumba moja. Laini ya simu inayobeba nambari ya tili na uthibitisho wa benki isajiliwe kwa jina linalojulikana na wote wenye haki, ili ikipotea iweze kubadilishwa bila ya mabishano. Majina na nambari za fundi, za muuzaji wa programu na za benki zichapishwe kwenye karatasi, maana orodha iliyo ndani ya kompyuta iliyokufa haimsaidii mtu. Mpango wote, kwa biashara ndogo, hauhitaji kuzidi kurasa tatu. Uanze na nani anaitwa kwanza, ufuatwe na utaratibu wa kuuza kwa daftari na vitabu vya stakabadhi wakati mashine haipo, kisha ueleze mfumo upi unawashwa kabla ya upi.

Sheria nayo ina neno, ingawa sitakaa nayo sana. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu awe na uwezo wa kurejesha upatikanaji wake kwa wakati baada ya tukio, na taarifa zikifikiwa na mtu asiye na ruhusa kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Sheria za kodi zinataka kumbukumbu zihifadhiwe miaka 5. Kusema kwamba kompyuta iliungua si jawabu litakalomridhisha mkaguzi.

Kinachobaki ni kujaribu, na hapa ndipo mipango mingi iliyoandikwa vizuri huonekana kuwa mitupu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuhifadhi misimbo ya programu za watu wengine, alikusudia kufuta data kwenye seva ya akiba akaifuta kwenye seva kuu. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kutoa nakala. Walipozigeukia, waligundua kwamba nakala za kawaida hazikuwa zikitolewa kwa sababu matoleo mawili ya programu hayakulingana, na barua pepe za kuonya juu ya kasoro hiyo hazikuwa zikifika kwa yeyote. Waliokolewa na nakala ambayo mmoja wao aliitoa kwa mkono saa sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa, na hata hiyo ilichukua takriban saa 18 kuirudisha kwa kuwa ilikuwa kwenye diski za mwendo mdogo. Jambo la kuheshimika ni kwamba walilieleza hadharani hatua kwa hatua, na ndiyo sababu sisi huku tunaweza kulisoma.

Jaribio la duka la Lamu linaweza kufanyika Ijumaa, duka likiwa limefungwa kwa sala na chakula cha mchana, au usiku baada ya isha. Mashine kuu izimwe na isiguswe. Mtu asiyekuwa fundi wa kawaida apewe zile kurasa tatu, bahasha ya nywila, diski ya nakala na kompyuta ya akiba, kisha saa ianze kuhesabiwa. Achaguliwe mteja mmoja na deni lake la jana litafutwe. Bidhaa moja ihesabiwe ghalani na kulinganishwa na kinachoonyeshwa na programu. Ankara moja itolewe mpaka ifike KRA. Jaribio la namna hii lifanywe angalau mara mbili kwa mwaka, na kila mara programu inapobadilishwa au karani mpya anapoajiriwa. Likichukua saa tisa wakati karatasi inasema nne, mwenye biashara ana njia mbili tu: anunue kitakachopunguza zile saa tano za ziada, kama vile diski ya mwendo mkubwa au kompyuta iliyokwisha kusakinishwa kila kitu, au aikate ile nne kwa kalamu, aandike tisa, na awaeleze wateja wake wa mashua kabla ya msimu kuanza kwamba siku mfumo utakapokuwa chini watauziwa kwa daftari na ankara zao zitafuata kesho yake.